Boga Langu Dhidi ya Chama Kisichokuwepo

Jumamosi, 18 Machi
Hema la maonyesho limeangukia boga langu. Miezi mitano nimelilea, nimelifunika blanketi kila baridi ilipozidi. Leo limepasuka mbele ya majaji. Boga la Beryl Triffitt, mwenyekiti wa Chama cha Wakulima wa Maboga, halikuguswa, likapewa utepe wa mshindi wa kwanza. Kitu cha kijivu, kimelala kama kondoo aliyevimbiwa. Beryl akaniambia, "Pole, Neville. Angalau umepata supu." Watu wakacheka, pai mkononi. Nitakishtaki chama chake kwa uzembe.

Ni kweli asubuhi nilihamisha vigingi viwili vya hema ili boga langu lipate mwanga. Hilo halihusiani kabisa.

Jumatatu, 20 Machi
Nimepeleka hati ya madai mahakamani, mjini Hobart. Kurasa kumi na moja. Karani, binti aitwaye Koay, amesoma mstari mmoja, akauliza chama kilisajiliwa lini. Nikasema kipo tangu enzi za babu yangu. Akasema chama kisichosajiliwa si mtu mbele ya sheria. Hakishtaki wala hakishtakiwi. Nikamwuliza, basi hema lililoangukia boga langu ni la nani, la malaika? Akanishauri niwashtaki wanakamati kwa majina yao. Juzi tu alikuwa shuleni, leo ananifundisha sheria. Lakini wazo limenipendeza. Beryl, kwa jina lake kamili.

Jumatano, 22 Machi
Mke wangu Glenys ndiye katibu wa chama. Nimemwomba daftari la mikutano. Wanakamati ni watatu: Beryl, Glenys, na msimamizi wa mahema, Neville Pybus. Ndiyo mimi. Nilikuwa nimesahau. Cheo hicho nilikikubali ili niegeshe gari karibu na lango. Glenys akauliza kama nitamshtaki na yeye. Nikasema ni utaratibu tu, asiuweke moyoni. Chakula cha mchana nimejipikia.

Na mtu hawezi kujishtaki mwenyewe. Nimeisoma hiyo sheria mara mbili nikitafuta upenyo.

Jumapili, 26 Machi
Nimeupata upenyo. Chama kikisajiliwa kinakuwa mtu, na mtu hushtakiwa. Nimejiuzulu kamati, kisha nikapendekeza mkutanoni chama kisajiliwe, kwa heshima yake. Nimejitolea kujaza fomu zote. Wamenipigia makofi. Beryl ametia saini akitabasamu, kama mtu anayeletewa keki. Yule mama hajawahi kusoma karatasi yoyote isiyo pakiti ya mbegu.

Jumanne, 18 Aprili
Cheti kimefika. Chama ni mtu. Nimeondoka kwenda Hobart kabla chai haijapoa. Koay ameipokea hati, akaigonga muhuri. Nimemwambia ana mengi ya kujifunza kwangu.

Ijumaa, 5 Mei
Barua kutoka kwa wakili wa chama. Wanapinga madai yangu, na wao wananishtaki mimi: hema limechanika kwa sababu niling'oa vigingi. Jaji mmoja wa maonyesho aliniona. Nimempigia simu Beryl, nikamwambia chama hakina uwezo wa kunishtaki.

"Kinao, Neville," akasema. "Umekipa wewe. Kushtaki na kushtakiwa, ukurasa wa pili wa fomu. Hujausoma?"

Shahidi wao wa pili ni Glenys. Maelezo yake yameandikwa vizuri mno. Kwa kalamu yangu.

Jumatatu, 19 Juni
Hukumu. Madai yangu yametupwa, na gharama ya hema ni juu yangu. Hakimu akasema boga lilivunjwa na mwenye boga. Hakimu ambaye, naapa, hajawahi kupanda hata kitunguu. Glenys amehamia kwa dada yake. Anasema atarudi nikishaomba radhi kamati nzima, kwa maandishi.

Sasa nimekaa na kutafakari kwa utulivu, na nimeona kosa lilipokuwa. Tulimsahau mhusika mkuu. Hema liliangushwa na upepo, na upepo ulipita kwa sababu jirani yetu Roy Glover alikata mikalitusi yote iliyoukinga uwanja. Kweli, Roy alifariki mwaka jana. Ndiyo maana hawezi kubisha. Kesho nakwenda kumwuliza Koay marehemu anashtakiwa kwa fomu ipi. Kurasa tisa ziko tayari.