Vitamini za Kuku wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Februari
Joto kali. Kuku wa mke wangu wanahema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Juzi mayai kumi na nane, leo manne. Mke wangu kasema akifa hata mmoja kabla ya Jumamosi, ufunguo wa banda atampa kaka yake. Yaani shemeji! Mtu ambaye hata kunisalimia hunisalimia huku anachungulia bandani. Kazi hii ya kutunza kuku ndiyo heshima yangu iliyobaki humu ndani.

Jumanne, 4 Februari
Nimekwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji kanipa vitamini C ya unga, niichanganye kwenye chakula cha kuku. Akasisitiza kijiko kimoja tu kwa mfuko, niwape alfajiri, maji baridi yasikosekane. Maneno mengi. Nimetia vijiko vitatu. Chakula kilikuwa na unyevu, basi nikakianika juu ya bati hadi jioni, kama marehemu mama alivyoanika mahindi. Kimekauka safi.

Jumatano, 5 Februari
Mayai matatu. Shemeji kapita, kauliza kwa upole kama kuku wametoka mbioni. Nimemjibu subira huvuta heri. Nimeanika tena, tangu asubuhi. Huenda jana hakikukauka sawasawa.

Ijumaa, 7 Februari
Yai moja, ganda laini. Nimemrudia muuzaji kulalamika kwamba dawa yake ni feki. Aliposikia habari ya bati akaketi kabisa. Kasema vitamini ile haivumilii jua, nilichowapa kuku ni pumba tupu. Aibu! Nikamwambia aliyeanika ni shemeji.

Jioni kafa kuku mmoja, yule mweupe. Nimelia kidogo. Nimemzika nyuma ya choo, upesi.

Jumamosi, 8 Februari
Mke wangu huhesabu kuku kabla ya chai. Sikujua. Ufunguo umekwenda.

Jumapili, 16 Februari
Shemeji katandaza magunia mabichi juu ya paa, anawapa maji baridi na vitamini alfajiri. Leo mayai kumi na matano, na sifa zote zake. Hakuna anayekumbuka kwamba vitamini zangu ndizo zilizotangulia. Zilikuwa zinajipanga mwilini! Nimemweleza mke wangu. Kanipa ufagio.

Si neno. Sungura wa jirani wameanza kuhema. Nimemwambia asihangaike, kapata mtaalamu.