Zimwi Kaacha Kazi ya Mazimwi

Habari aliileta Breki, na kwa kuwa Breki ameendesha basi maisha yake yote, habari zake haziingii kituoni taratibu. Alifika kijiweni simu imemtangulia mkononi, akatusomea hata kabla hajakaa. Zimwi ameacha kazi. Kampuni yenyewe imetangaza, imeweka na picha yake, imemshukuru kwa miaka ishirini na kitu na kumtakia mapumziko mema.

"Mapumziko ya nini?" Hakimu akauliza. "Kwani alikuwa anafanya kazi?"

Niseme mapema kwamba kijiwe ni changu. Ni benchi tu mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, lakini nikiliingiza ndani hawa wote hawana pa kwenda. Hakimu tunamwita hivyo kwa sababu anahukumu kila kitu. Mahakamani kaingia mara moja tu, na hakukaa upande wa mahakimu.

Zimwi naye jina kalipata kazini. Alikuwa mchapishaji wa vitabu vya mchezo mmoja wa ajabu. Watu wazima, wenye ndevu na watoto shule, wanakaa kuzunguka meza. Mmoja anasimulia kwamba mko pangoni na zimwi linakuja. Wengine kila mtu anajifanya shujaa, anasema atafanya nini, halafu dadu inarushwa kuamua kama kapona au kaliwa. Sheria zake ndizo alizokuwa akichapa Zimwi: upanga huu unakata kiasi gani, mtu akianguka kutoka ukutani anavunjika nini. Vitabu vinene, bwana. Kimoja kiko chini ya mguu wa cherehani yangu, na hapo ndipo kilipofanya kazi ya maana.

Tulikuwa bado tunamsengenya alipotokea mwenyewe, kakumbatia boksi la vitu vya ofisini. Tulijitengenezea nyuso za kumpa pole. Pole zenyewe hakuzihitaji. Alikaa, akaweka boksi miguuni, akaanza kuwatukana wote aliowaacha huko.

Alianza na wateja. Baba mzima wa watoto watatu alimwandikia kurasa nne za hasira kwamba joka la kwenye kitabu haliwezi kupita kwenye mlango wa pango lake, sasa liliingiaje. Mwingine alimpigia simu nyumbani usiku kubishana kuhusu punda, kwamba punda yule hawezi kubeba mzigo ule. Akaja kwa waandishi, ambao kwa miaka kumi wamekuwa wakimletea yatima yule yule anayegundulika kuwa mtoto wa mfalme, wamembadilisha kofia tu. Akamalizia na wamiliki wapya. Hawa hawataki hadithi wala sheria, wanataka kuuza sanamu za plastiki, na mkurugenzi wao hajawahi kushika dadu tangu azaliwe.

"Nimewaachia," akasema. "Nimemwahidi mke wangu. Kuanzia leo nakula nyumbani."

Hilo la mkewe tunalijua sote. Kila kitabu kabla ya kuchapwa lazima kijaribiwe, na Zimwi alikijaribu mwenyewe na watu asiowajua, jioni kwa jioni, Jumamosi na Jumapili. Shemeji yetu huyo kazeeka akila peke yake.

Breki akasema hatamaliza wiki nyumbani. Alisema kwa dharau, lakini anajua anachosema. Alipostaafu alikwenda stendi kila asubuhi mwezi mzima kuangalia mabasi yakitoka, mpaka mlinzi akamuuliza kama anatafuta cha kuiba.

Basi Hakimu, ambaye mdomo wake hauna likizo, akauliza swali. "Huko kwenye mchezo wako, shujaa akichoka anastaafu vipi?"

Zimwi akaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema kuna kufa kwa upanga, kwa sumu, kwa kuzama, na kwa kugeuzwa jiwe. Kuna sura nzima ya waliokufa wakarudi. Kustaafu hakuna.

"Yaani kufufuka umeandika, kustaafu kumekushinda," Hakimu akasema.

Tukacheka, na kwa ujinga wetu tukaanza kumsaidia. Breki akasema apewe nyumba na shamba, yaishe. Zimwi akamkejeli kwamba shujaa mwenye shamba na asiye na hatari ataifanya meza nzima isinzie. Hakimu akataka vijana wa mjini waje kumchokoza, waone kama bado anaweza. Mimi nikasema kila mwaka apunguziwe nguvu za magoti, maana mimi hayo nayajua.

Zimwi akanigeukia. "Magoti," akasema polepole. Akaniomba kitu cha kuandikia, nami nikampa kalamu na mfuniko wa boksi la viatu. Akachora safu ya nyumba, safu ya shamba, safu ya heshima, safu ya magoti. Breki akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi mtu kaacha kazi, mchana kaajiriwa na mfuniko.

Zimwi akatuhakikishia ni mzaha tu, hana nia ya kuchapa kitu. Kisha akatuuliza kama tunaona ikae mwishoni mwa kitabu kikubwa au itoke peke yake.

Shemeji alikuja kwa upande wa nyuma. Breki alimwona kwanza, akainama kufunga kamba za viatu, naye kavaa ndala. Akatusalimia, tukaitikia. Zimwi, bila kuinua kichwa, akanyanyua kidole kumwonyesha asubiri.

Shemeji akasubiri. Kidole kikabaki juu mpaka mwenyewe akashtuka, akageuka.

"Karibu, shemeji," nikasema, nikatamani nisingesema.

Akauliza hicho ni nini. Na Hakimu, badala ya kunyamaza, akamweleza vizuri kabisa kwamba ni sheria mpya ya shujaa aliyestaafu. Shemeji akainama begani kwa mumewe, akasoma. Nyumba, shamba, heshima, magoti. Akasoma tena.

"Na mke wake yuko mstari gani?"

Zimwi akautazama mfuniko. "Hapo hatujafika bado."

"Hamjafika," shemeji akasema. Hakupandisha sauti. Alikuwa akizungumza nasi zaidi kuliko na mumewe. "Mimi nilipika mapema, maana leo anakula nyumbani. Nimepakua ndipo nikaona nimepika cha mtu mmoja. Mkono umeshazoea. Nikajiona mjinga, nikatoka nikanunue mboga ya kuongeza." Akamtazama mumewe. "Sasa naona sikukosea."

Akageuka njia aliyojia. Sokoni hakwenda tena.

Nikamwambia Zimwi anyanyuke, tena kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Akanyanyuka. Alijikwaa kwenye boksi lake, akaliacha limelala pale pale, akamkimbilia mkewe akimwita. Shemeji hakusimama, lakini hakuongeza mwendo pia, na hilo nililiona mimi.

Walikuwa wanavuka barabara, Zimwi nyuma, Hakimu aliponigusa bega.

"Fundi, mfuniko wako kaondoka nao."

"Na kalamu," Breki akasema.