Mkwe Wangu, Tenki Letu na Uanachama Wenu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wapima Ardhi na Maji.

YAH: OMBI LA KUMNYIMA MKWE WANGU UANACHAMA KAMILI

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, wewe na wapimaji wenzako, kama hamtazipima mkaziona fupi.

Mimi ni mama mkwe wa kijana mtakayemfanyia usaili wiki ijayo. Nimekuja kukaa kwao, na nakuandikia wewe kwa sababu yeye siwezi kumwambia kitu. Mkwe ni mkwe: tukikutana ukumbini yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia dirisha, basi. Lakini sasa yamenifika shingoni.

1. Mlimtaka alete utafiti kuhusu kina cha maji. Ofisini kwake wakamnyima boti. Badala ya kukata tamaa kama watu wengine, amehamia kwenye tenki letu la chini ya ardhi, ubavuni mwa sebule. Asubuhi na jioni anateremsha timazi, ile kamba yake yenye uzito nchani, anasoma, anaandika. Hatuchoti maji bila kumtaarifu. Nikinawa miguu, anamlalamikia binti yangu kwamba nimesababisha maji kupwa.

2. Amepigilia msumari wa shaba sebuleni, chini ya kiti changu. Ati ndiyo alama ya kimo, nyumba nzima inapimwa kuanzia hapo. Juzi kamwambia mkewe msumari unashuka, tena upande ninaokaa mimi. Nikahamishiwa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Ndugu Mwenyekiti, nimezaa, nimelea, nimenenepa kwa jasho langu mwenyewe. Sijawahi kuambiwa nazamisha nyumba.

3. Kaka yangu alitaka kuja kunijulia hali, akaomba kuelekezwa. Mwenye akili zake angesema geti la bluu, mkabala na kinyozi. Mkwe wangu akamtumia tarakimu za mahali nyumba ilipo kwenye ramani ya zamani, ambayo kumbe haipatani na simu za siku hizi. Kaka akaingia kwa jirani wa nyuma, akakaribishwa, akala, akasifu mapishi akidhani ni ya mpwa wake, akajilaza kochini, ndipo mtu akamuuliza yeye ni nani. Mpaka leo anasema kule ndiko anakopendwa.

4. Sasa amefika chumbani. Amepima kitanda na kumwonyesha binti yangu mpaka. Binti yangu ni mpole, lakini amefungasha. Amesema siku mtakayompa mumewe cheti, yeye anaondoka nami kurudi kwangu.

Kwa hiyo naomba mumnyime. Kama kanuni haziruhusu, vunjeni chama. Kama chama hakivunjiki, fanyeni mpango dunia yote isawazishwe, pasibaki cha kupima.

Nisalimie makatibu, wajumbe, wenye boti na wasio na boti, na hasa wake zao, ambao nawaonea huruma.

Wako mwenye kukaa kwenye kigoda,
Mama Mkwe

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Asubuhi hii mkwe ametuonyesha kwamba maji ya tenki yanapungua hata wakati sote tumelala. Fundi akavunja sakafu: tenki lina ufa, na udongo chini ya kiti changu ulikuwa umeshaliwa wote na maji. Siku si nyingi tungeamkia shimoni. Binti yangu analia huku anarudisha nguo kabatini. Mpeni cheti, tena mpeni upesi. Ila kwenye utafiti wake aandike waziwazi kwamba sakafu ilizamishwa na maji. Mwambieni nyinyi, mimi ni mkwe wake.