Skana, Kofia na Mama Mkwe

Jumatatu, Juni 2

Wakazi wa Busia, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya, wafahamishwe rasmi: mimi Okochi, muuza vipuri vya baiskeli, nimeazimia leo asubuhi kununua skana. Hakuna aliyepiga vigelegele. Jirani aliendelea kukaanga chapati.

Sababu ninayo. Jumamosi ni misa ya kumbukumbu ya baba mkwe wangu, marehemu Emoit, huko Malaba. Alifariki wakati mke wangu Amulen bado anatambaa. Picha zake zote zililiwa na mchwa. Kwa hiyo Amulen hajawahi kuuona uso wa baba yake. Akijitazama kwenye kioo huuliza hii pua kaitoa wapi, maana mama yake hana pua ya namna hiyo. Mimi hujibu kwamba ni pua nzuri. Si jibu analolitafuta.

Sasa mama mkwe, Mama Atai, amepata kopo la maziwa chini ya kitanda. Ndani yake slaidi chache za kanisa, na negativu moja, filamu yenye rangi zilizogeuka, kubwa, ya mraba. Amesema Emoit yumo humo. Kopo kampa Amulen. Amulen kanipa mimi, negativu ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Yeye hataki kuitazama. Anasema hataki kumwona baba yake kwa mara ya kwanza akiwa mzimu, uso mweupe, shati jeusi. Anataka amwone akiwa mtu. Akaongeza: tafadhali, Baba Annet, hii usiifanyie ujanja.

Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikaanza kupanga ujanja.

Mpango: bango kubwa lenye uso wa marehemu, lifunikwe kitambaa, lifunuliwe mbele ya watu wote. Mke atalia. Ukoo mzima utauliza ni nani kafanya haya. Nitatazama chini kwa unyenyekevu. Unyenyekevu nimeshaanza kuufanyia mazoezi.

Rasto, mwenye studio ya picha mkabala na duka langu, kanusa habari. Akaja na ushauri bila kuombwa. Eti kuna skana ya kioo, bapa, yenye taa kwenye kifuniko; hiyo inachukua filamu ya ukubwa wowote. Au kama nina haraka, niweke negativu juu ya simu yenye mwanga mweupe, niipige picha kwa simu nyingine, nigeuze rangi, basi. Simu mbili tu, mkubwa. Nikamwambia baba mkwe wangu hafufuliwi na simu.

Ieleweke kwamba Rasto ndiye aliyepiga picha za harusi yangu. Katika kila picha nimefumba macho. Yeye hudai ni macho yangu.

Jumanne, Juni 3

Sikukuu ya Mashahidi. Upande wetu maduka mengi yamefungwa, watu wako Namugongo kuhiji au wanalala. Nikavuka kwenda upande wa Kenya, kwa Shallon, binti anayeuza kompyuta na vitu vyenye nyaya.

Shallon akanionyesha mbili. Ya kwanza ndiyo ile ya kioo, yenye taa kwenye kifuniko. Nzito, ya kijivu, haina maringo yoyote. Inafanana na sanduku la mtu anayerudi kwao kwa huzuni. Ya pili ni kiboksi cheusi kinachotoshea kiganjani, kina kioo kidogo cha kuonyesha picha, vitufe, na taa ya buluu inayowaka bila sababu.

Akaniuliza nataka DPI ngapi. Nikasema zote.

Nikatoa negativu. Akaiangalia, akaniambia kiboksi kinameza filamu ndogo tu, na hii yangu ni ya kamera za zamani za boksi, haiingii. Akarudia tena polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hiyo yako ni kubwa, mzee, wacha ile ndogo, kesho usiniletee stori.

Nikauliza watu wa studio hupenda ipi. Akasema ile ya kioo. Juzi tu kuna jamaa mmoja wa upande wenu, anaitwa Rasto, alinunua.

Nikachukua kiboksi.

Pale mpakani ofisa akaniuliza nimebeba nini. Nikasema mashine ya kuwarudisha marehemu. Akanitazama kitambo, akasogea pembeni nipite.

Jumatano, Juni 4

Ushindi asubuhi. Slaidi zimeingia kwenye kiboksi na kutoka safi kabisa. Padri mmoja mwenye ndevu. Kwaya. Mbuzi wa mnada wa kanisa, kila unywele wake unahesabika. Nikamwita Amulen aone. Akasema mbuzi ni mzuri, baba yuko wapi.

Baada ya chakula, negativu. Haiingii. Nimejaribu kwa wima, kwa ulalo, kwa kuikunja kidogo, kwa kuibembeleza. Nikautazama mkasi. Amulen alikuwa anapita kwenda sokoni. Akauchukua mkasi, akautia kwenye mkoba wake, akaenda nao sokoni.

Ikabaki bisibisi. Nimeng'oa kifuniko cha kiboksi, nikalaza negativu juu ya kile kidirisha cha taa. Imekubali! Ila kidirisha ni kidogo, kinaonyesha sehemu ya katikati tu. Ukiinua filamu juani unaona wanaume wawili na baiskeli. Kiboksi kinampata mmoja, yule wa katikati. Wa pembeni anabaki nje, isipokuwa mkono wake, umewekwa begani kwa mwenzake.

Wa katikati ni mtu hasa. Kofia yenye unyoya, kidevu juu. Ana sura ya baba mkwe. Mimi sijawahi kuwa na baba mkwe, lakini ningekuwa naye ningemtaka hivyo.

Bado nahitaji uhakika. Anayejua ni mmoja tu, Mama Atai. Na hapo ndipo penye kazi.

Alhamisi, Juni 5

Malaba. Malori yamepanga foleni hadi huko nisikokuona, madereva wamelala chini yake kama vifaranga. Nyumba ya mama mkwe iko nyuma ya hiyo foleni.

Kwa desturi, mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja wala hatutazamani usoni. Ni heshima. Nimekuwa mkwe wake zaidi ya miaka ishirini, na mama huyu namfahamu kwa sauti, kikohozi na visigino. Basi nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, yeye akiwa ndani, ng'ombe akiwa upande wangu akisikiliza kila kitu.

Bango ni siri, kwa hiyo nikauliza kwa mzunguko. Mzee alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kuvaa nini? Mama akasema Emoit alikuwa na kofia moja, ya kijivu, yenye unyoya wa kanga, na haikumtoka kichwani. Yeye nusura aolewe na kofia.

Kofia! Unyoya! Nilikaribia kumkumbatia ng'ombe.

Mama akauliza filamu inaendeleaje. Je, Amulen ailete, yeye aitazame, aonyeshe kwa kidole? Nikasema mama asijisumbue, mambo yote yako mikononi mwangu. Akatoa kikohozi kimoja kirefu. Nimekipokea kama pongezi.

Ijumaa, Juni 6

Picha ilikuwa karibu kamilifu, isipokuwa ule mkono begani. Mkono wa mtu asiyejulikana, umetua pale kama kunguru kwenye paa. Nimeufuta kwa kidole, kwenye simu. Sasa bega ni safi.

Fedheha ndogo: mwenye mashine ya kuchapa mabango mjini ni Rasto. Nikaingia nikiwa nimetazama dari. Rasto akaitazama picha, akasema ni kali kweli, na huyu ni nani. Nikasema baba mkwe, aliyefariki zamani sana. Rasto akakuna shingo. Akasema mbona huyu anafanana na mzee mmoja anayemwona Malaba, mwenye fimbo. Nikamwambia ukoo ndivyo ulivyo, watu hufanana.

Hakubisha. Rasto asipobisha huwa sipendi.

Jumamosi, Juni 7

Naandika nikiwa nimejificha ndani ya duka langu mwenyewe.

Misa ilianza vizuri. Turubai, viti, kwaya, wanawake upande wao, mama mkwe kati yao, mimi mbali upande wa pipa la maji kama desturi inavyotaka. Bango limesimamishwa nyuma ya kiti cha mgeni wa heshima. Mgeni mwenyewe ni Mzee Ecweru, rafiki wa marehemu tangu ujana, kaja na fimbo yake na koti la suti. Akaketi.

Amulen akaitwa kufunua kitambaa. Akakivuta.

Akasimama pale muda mrefu. Akagusa pua yake. Akaitazama pua ya bangoni. Akasema "baba", kwa sauti ndogo kama mtoto anayejaribu neno jipya. Kwaya ilianza kulia kabla yake. Mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu, kama nilivyofanya mazoezi.

Mzee Ecweru akaona watu wote wanatazama juu ya kichwa chake. Akageuka polepole, kwa msaada wa fimbo. Akatazama bango. Bango likamtazama. Kidevu kilekile.

"Padri," akasema, "mimi nimekufa lini? Mbona nyumbani hawakuniambia?"

Padri akafungua kitabu chake, akakifunga.

Kutoka upande wa wanawake nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mama mkwe alikuwa anacheka, anashika mbavu, anamwita Ecweru mwizi wa kofia. Lakini Amulen alikuwa hacheki. Alikuwa bado ameshika kitambaa, ameganda. Alikuwa amemwita mtu mwingine baba. Nikahamia nyuma ya pipa.

Mama Atai akanyamaza alipomwona binti yake. Akasema aletewe ile filamu. Na mkwe wangu aambiwe atoke nyuma ya pipa, akasema, maana tumbo lake naliona.

Nikaitoa mfukoni, ikapitishwa hadi kwake, akaiinua juani kwa vidole viwili. Hakupepesa hata jicho. Akasema: "Huyu. Mwenye mkono."

Akaeleza, na safari hii watu wote walisikia. Siku hiyo Ecweru alikuwa na baiskeli mpya na kichwa kisicho na kofia, akaona aibu. Emoit akavua yake akamvika, akamshika bega asikimbie. Kamera ilikuwa ya stesheni masta, na aliyeibonyeza ni yeye mwenyewe Atai, jua likiwa mgongoni mwake, Emoit akimwambia asitikisike. Mzee Ecweru akasema ni kweli tupu, na kofia alirudisha, ingawa si siku ileile.

Amulen akamwambia mama yake: "Toto," yaani mama, "ishike hapohapo." Akaomba simu ya padri, akaiwasha ikawa nyeupe, akalaza filamu juu yake, akapiga picha kwa simu yake, akageuza rangi. Alikuwa amesikia ushauri wa Rasto Jumatatu. Ukuta wa duka letu ni mbao.

Haikuchukua hata muda wa wimbo mmoja. Mtu mwembamba, kichwa wazi, anacheka, mkono begani kwa rafiki yake. Na pua. Pua ile ile, imekaa katikati ya uso kama inavyokaa kwa mke wangu, imeinama kidogo kushoto.

Amulen aliketi chini kwenye nyasi na simu mapajani, na hakuna aliyemwambia kuna viti. Nilimwona akiipapasa, si uso, ule mkono.

Rasto alikuwepo. Hakusema kitu. Angesema ningepona.

Jumapili, Juni 8

Baada ya ibada leo nimewaeleza watu kwamba skana za siku hizi hazina uhakika, kwamba mashine ilichagua yenyewe, na kwamba umeme ulikuwa mdogo. Wamenisikiliza kwa adabu.

Hapa hakuna watu, basi ukweli ni huu. Mashine haikukosea. Shallon aliniambia mara mbili, na kwenye boksi imechorwa filamu ndogo kwa alama ambayo hata ng'ombe wa mama mkwe angeielewa. Nilichukua ndogo kwa sababu Rasto alikuwa na kubwa, na kwa sababu ya taa ya buluu. Niliona wanaume wawili, nikamwacha mmoja kwa kuwa hakuingia. Mama alijitolea kutazama, nikakataa ili nisikose kushangaza watu. Na sehemu ya pekee ya baba mkwe iliyokuwa kwenye picha yangu, niliifuta kwa kidole.

Nilimwambia Amulen hayo yote asubuhi. Akaniwekea chai. Kisha akasema mbuzi wa kanisa alitoka vizuri. Nadhani tutaishi.

Na kuna habari njema. Mzee Ecweru amelipenda bango. Amelibeba kwa boda hadi kwake, limepeperuka kama bendera barabara nzima. Anasema sura hiyo asingeipata tena, na siku yake ikifika lisichapwe lingine. Nimefikiria. Wazee wangapi wanasubiri kufa bila bango? Mtu achague uso wake mwenyewe, akiwa hai, na asiwepo wa kukosea. Ila kwa kazi hiyo kiboksi hakitatosha. Nilimwuliza Rasto kwa mbali anaonaje skana ya kioo. Akasema kwa sasa simu mbili zinatosha kabisa, mkubwa, usinunue. Kesho navuka kwa Shallon kuinunua.

Amulen ameitundika picha ya baba yake ukutani, juu ya redio. Nzima, wanaume wote wawili, baiskeli, mkono. Nzuri sana. Ina kasoro moja tu: chini kabisa, kwenye nyasi, kuna kivuli cha mwanamke mwenye kitambaa kichwani, viwiko vimechomoza kama ameshika kitu kifuani. Kinaharibu. Sijui ni cha nani. Amulen akienda sokoni nitakifuta.