Njahi za Moyo wa Baba

Jumatatu, 3 Februari 1997

Hili sijamwambia mtu yeyote. Krismasi iliyopita Baba aliniomba chumvi. Daktari alikuwa amemkataza kwa sababu ya presha, na Mama alikuwa amelificha kopo. Baba aliniangalia kama mtoto mwenye njaa. Nikamtilia. Siku kumi mfululizo! Januari akaanguka akipima kahawa kiwandani. Tangu hapo ni kitandani na kitini tu. Haimbi tena. Ni mimi niliyemwangusha.

Lazima nimponye. Leo nikingojea vidonge vyake kituo cha afya nimesoma jarida. Linasema vyakula vichungu na vyenye rangi nzito, kama chai, maharagwe meusi ya njahi na mtama mwekundu, vina kitu kinachoitwa polifenoli. Huenda zikalegeza mishipa, damu ikafika vizuri moyoni na kichwani. Huenda hata zikapunguza majonzi. Nimenakili ukurasa mzima kwenye daftari la Biolojia. Miaka minne ya Biolojia, hatimaye kazi!

Jumanne, 4 Februari

Nimempikia Baba turungi, chai kavu. Bila maziwa, bila sukari, nyeusi kama lami. Baba aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita Mama, akamwuliza kwa upole amemkosea nini. Hapa kwetu mke hampi mumewe turungi ila ana kisa naye. Mama akaapa hana kisa. Basi ng'ombe amekufa, Baba akasema, na mnanificha kwa sababu ya moyo wangu. Ilibidi ashikwe mkono hadi dirishani amwone ng'ombe.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Alhamisi, 6 Februari

Sokoni Karatina. Njahi kilo nne, nyeusi kabisa. Mama anashinda shambani, kwa hiyo mpishi ni mimi.

Nikakutana na jirani yetu Magdaline, mama yake Wachuka niliyesoma naye. Akauliza ni nani amejifungua kwetu. Kila mtu anajua njahi hupikiwa mwanamke aliyetoka kuzaa, apate maziwa. Ningesema tu ni za Baba! Lakini uso ukaniwaka. Nikatazama miguu yangu. Magdaline akalitazama sweta langu pana. Akanipa pole, akaenda zake mbio.

Ijumaa, 7 Februari

Baba amemaliza bakuli. Akasema hajawahi kulishwa chakula cha waliojifungua, na kumbe wanawake wamekuwa wakifaidi peke yao. Akatabasamu! Mara ya kwanza tangu aanguke. Nimeandika daftarini: majonzi yamepungua kwa robo.

Jumapili, 9 Februari



Walikuja baada ya ibada, wanawake saba. Kuni migongoni, kama ilivyo desturi ya kumzuru aliyejifungua, uji kwenye kibuyu, shali ndogo ya manjano. Magdaline mbele. Mama alikuwa amebaki kanisani mkutanoni. Wakapiga vigelegele uani. Ati mtoto yuko wapi tumwone? Mmoja akasema hawa wakimya ndio wa kuogopwa. Mwingine akanisifu kwa kuficha tumbo hadi mwisho.

Baba akatoka na fimbo yake. Akaniuliza, polepole, kama ni kweli.

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Baba akaningoja. Wote wakaningoja. Kisha akashika kifua, akaketi chini kwenye vumbi.

Wakatupa kuni. Hao hao saba ndio waliombeba hadi kituo cha afya. Mimi nilikimbia nyuma yao na fimbo.

Jumatatu, 10 Februari

Yuko hai. Naandika tena: yuko hai.

Presha imepanda, lakini Sista Khavere, muuguzi wa kituo, anasema ni mshtuko, atapata nafuu. Nilikaa kando ya kitanda. Kusema sikuweza, kwa hiyo nikampa Baba daftari la Biolojia. Akasoma ukurasa ule akichezesha midomo. Akauliza, kwa hivyo hakuna mtoto? Nikatikisa kichwa kuwa hakuna. Akalia. Sijawahi kumwona akilia. Halafu akacheka, akacheka, hadi Sista akaja kumkemea.

Sista naye akasoma. Akaweka kidole kwenye neno "huenda". Akakishusha kwenye "huenda" ya pili. Akaniambia, binti yangu, njahi ni chakula kizuri, mpikie. Lakini hata hao watafiti bado wanauliza. Vidonge asiache, na mzee atembee.

Nikaitikia kwa kichwa. Ya chumvi sikuwaambia.

Jumatano, 12 Februari

Baba amerudi. Ametembea hadi kwa ng'ombe na kurudi, bila fimbo.

Mama hamsalimii Magdaline. Mimi simchukii. Nimefikiri sana juu yake. Mtu anayekata shauri upesi hivyo bila kuuliza, bila shaka damu haimfiki kichwani sawasawa. Anahitaji polifenoli kuliko Baba! Kwa hiyo asubuhi hii nimempelekea sufuria nzima ya njahi. Hakuwepo. Nikaiweka mlangoni.

Wawili kati ya wale saba walikuwa wakipita. Wakauliza njahi kwa Magdaline ni za nini. Wakatazamana. Wakauliza, sauti chini: kwani ni binti yake Wachuka?

Uso ukaniwaka. Nikatazama miguu yangu.

Nilipoinua macho walikuwa wameshafika mbali, wanakimbilia kuni.

Wewe unayesoma, tafadhali. Hukuniona pale mlangoni. Usimwambie mtu.