Mota Isiyonguruma

Jumatatu, 14 Julai 2025
Makere. Mota yangu mpya ya umeme ya kusagia imewaka saa nne na dakika kumi asubuhi. Fundi Fidele wa Kasulu amethibitisha: debe la muhogo, dakika tatu. Dizeli ilitumia nane. Injini ya zamani nimemuuzia mtu wa Buhigwe. Ng'ambo ya barabara, msagaji mwenzangu Hashimu bado anazungusha hendeli ya dizeli yake mpaka shati linaloa. Masikini! Lengo la wiki: muhogo wa harusi ya Divine, Jumamosi. Magunia manne. Atakayeusaga, kijiji kizima kitamtaja.

Jumanne, 15 Julai
Wateja wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia. Kwa Hashimu, foleni. Mke wangu Kezia ameulizia kisimani, amerudi na jibu. Watu hapa wakisikia injini inanguruma, hata wawe shambani, ndipo wanajitwika muhogo. Mota yangu haisikiki. Wanadhani nimefunga. Wengine wanadhani nimekufa. Kezia anashauri nipite nyumba kwa nyumba niwaambie. Kazi ya wapiga debe hiyo. Mimi nina akili.

Jumatano, 16 Julai
Alfajiri nimejificha kwenye migomba ya Hashimu, nikarekodi injini yake kwa simu. Dakika arobaini. Siafu nao walikuwepo. Nimeazima spika ya betri ya kwaya. Saa tatu nikafungulia. Saa nne foleni yangu inagusa barabara! Hashimu alivuka, akasikiliza. "Bwana Reverien, mbona injini yako inakohoa kama yangu?" Nikamwambia injini zote ni ndugu.

Alhamisi, 17 Julai
Mama yake Divine, mama Esteri, amekuja mwenyewe. Magunia kesho. Amesema injini yangu inasikika ina nguvu kuliko zote. Kezia amecheka. Wivu.

Ijumaa, 18 Julai
Magunia manne yamefika saa mbili. Umeme umekatika saa mbili na robo. Spika, kwa kuwa ina betri yake, ikaendelea kunguruma. Watu wakazidi kumiminika. Kelele tele, unga hata kijiko hakuna. Mama Esteri akaweka kiganja juu ya mashine. Baridi. "We Reverien, kinachosaga hapa ni kipi?" Nikamwambia inajipasha moto. Siku zote nairudisha rekodi mwanzo kabla haijaisha; leo nimesahau. Hapo spika ikaita kwa sauti ya Kuruthumu, mke wa Hashimu: "Baba Firdausi, chai tayari!" Hashimu, ng'ambo, akaitika. Kicheko! Magunia yakavuka barabara kwa mkokoteni, foleni nyuma yake. Umeme ulirudi saa kumi na moja. Mota imewaka vizuri sana.

Jumamosi, 19 Julai
Harusi. Ugali laini, mweupe. Mshereheshaji ametangaza: unga umesagwa kwa Hashimu. Vigelegele. Nimekula matonge tisa, kwa uchunguzi tu. Kezia amerudia: ningewaambia watu tu. Hajaelewa. Kosa nimeshaligundua. Ni chai. Kibondo kuna mwenye mashine ya dizeli ambaye hajaoa. Naondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu tarehe 21. Simu naichaji tangu sasa.