Siri ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 14 Julai
Nimeaibika mbele ya wanafunzi wangu. Rahabu, yule muuza dagaa anayefanya mazoezi bila kuvua kilemba, alinyoosha mkono katikati ya kata, ule mfululizo wa mapigo ya karate. Akauliza pale tunapokokota mguu wa kushoto na kuinamia upande, maana yake nini. Eti Yassir, mwalimu mwenzangu wa Kasingirima, anawafundisha watu wake kwamba kila tendo la kata lina maana iliyofichwa. Unaonekana unakinga, kumbe unamvunja mtu kiwiko.

Sikujua. Nimekokota mguu huo tangu nilipofundishwa na Mzee Gervasi, na sijawahi kujiuliza. Nikamjibu kwamba siri haitolewi kwa mwanafunzi wa mkanda wa njano kama yeye. Wanafunzi wakatazamana. Uso uliniwaka mpaka nyumbani.

Na wakati wenyewe ndio huu. Mzee Gervasi amestaafu kwao Mwamgongo, na Jumamosi anakuja kuchagua mrithi: mimi au Yassir. Atakayechaguliwa atavikwa mkanda wake mweusi mbele ya watu. Nautaka mkanda ule kuliko nilivyotaka kuoa. Frida mke wangu asisome hapa.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata! Yassir alifundishwa na Mzee yule yule, miaka kabla yangu, na kata yake haina kukokota mguu. Kwa nini? Mzee alimnyima. Siri alinipa mimi peke yangu, bila hata kuniambia kuwa ni siri. Wazee ndivyo walivyo.

Nimezunguka jikoni nikikokota mguu mpaka maana ikajifunua. Unajifanya umeumia. Adui anakuonea huruma, anasogea. Unampiga mtama. Frida akauliza kama nimechomwa na mwiba. Nikamwambia mambo haya hayamhusu.

Alhamisi, 17 Julai
Mazoezini, nyuma ya mashine ya kusaga, Buzebazeba. Nikawafunulia wanafunzi siri. Nikamwita Rahabu anikabe ukosi ili nimwonyeshe. Akanikaba. Nikakokota mguu. Hakuonyesha huruma yoyote. Nikakokota tena. Akauliza kwa adabu, "Sensei, umeshaanza?"

Mkono uliozoea magunia ya dagaa si wa kuchezea. Niliyekwenda chini ni mimi, na akina mama waliopanga foleni na madebe yao ya muhogo wakaona yote. Nikasema nimeanguka makusudi, ili waone mambo kwa upande wa adui. Hakuna aliyeamini, hata mimi.

Nimewaza njia nzima. Kosa ni kwamba tunakokota kidogo mno. Kuanzia kesho tutakokota kwelikweli, mkono kiunoni, na kuguna kidogo kama Mzee anavyoguna.

Ijumaa, 18 Julai
Wameiva. Wote wanakokota kwa pamoja na kuguna kwa pamoja. Rahabu akasema moyo wake haupendi, kuna kitu hakiko sawa. Nikamwambia mwanafunzi hana moyo, ana miguu. Mkanda ni wangu.

Jumamosi, 19 Julai
Kalamu nzito leo. Mzee alishuka boti Kibirizi, tukamkalisha kiti cha mbele. Yassir akaanza na kundi lake. Kata iliyonyooka, kila ngumi na maana yake. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha sisi.

Tulipofika pale, kundi langu lote likakokota mguu, mkono kiunoni, likaguna. Watu wakacheka. Nilidhani wamefurahi. Nikamgeukia Mzee nipokee sifa, nikakuta macho yake yamejaa machozi.

Akainuka kwa shida, mkono kiunoni. Akaguna. Akaja kwangu akiukokota mguu wa kushoto. Hapo ndipo nikaona. Mungu wangu, miaka yote ile, ndipo nikaona leo.

Alisema polepole na wote wakasikia. Aliteleza akishuka kwenye boti huko kwao, nyonga ikaharibika, mwaka ule ule nilioanza kwake. Yassir alimfundisha akiwa mzima. Mimi alinifundisha na maumivu, na hakukosa kuja. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nilikukosea nini hata ulete watu wauigize ulemavu wangu?"

Mkanda akamvika Yassir. Yassir hakunicheka, wala hakutabasamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Natamani ardhi ya Buzebazeba inimeze.

Jumatatu, 21 Julai
Jana sikula. Leo Frida akasema niache kujificha chini ya shuka, boti ya Mzee inaondoka. Nikakimbia Kibirizi. Nikampigia magoti mchangani, kati ya magunia na abiria. Nikamwambia kweli tupu: sikumuigiza, nilidhani ni karate.

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika ubao wa boti. Akasema katika wanafunzi wake wote hakuwahi kupata mtiifu kama mimi, na nisidhani ananisifu. Akanisamehe. Akanisihi kwamba nikiulizwa nisilolijua, niseme sijui, maana hata yeye kata nyingine hajui zina maana gani. Nikalia kama mtoto. Nikaapa.

Jumatano, 23 Julai
Waliokuja mazoezini ni wachache. Rahabu alikuja. Nikawaeleza yote kama nilivyoapa: nyonga, boti, ujinga wangu. Nikasema sijui mbele ya kila mtu. Ilikuwa chungu, lakini nikapumua. Rahabu akaniambia sasa ndiyo nimekuwa mwalimu.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Mzee alipokuwa anapanda boti, alijikuna kisogo kwa mkono wa kushoto. Yeye hutumia mkono wa kulia siku zote. Na alinitazama. Yassir hakuwepo, nimeona mimi peke yangu.

Ijumaa tunaanza mazoezi ya kujikuna.